Barua ya wazi kwa mawaziri watatu: korosho inapanda meli na maganda yake

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara,
Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
DODOMA.

YAH: UUZAJI WA KOROSHO GHAFI, USHURU WA MAUZO YA NJE NA VIWANDA VYA KUBANGUA

Waheshimiwa Mawaziri,

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni mkulima wa korosho wilayani Newala. Mikorosho ninayoihudumia mingine niliirithi, mingine nimeipanda mwenyewe. Naandika hadharani kwa sababu njia ya kimya nimeimaliza. Nilianzia kwenye mkutano mkuu wa chama cha msingi cha ushirika, nikapanda hadi wilayani, kisha nikaandika barua kwa ofisi ya juu zaidi ambayo sitaitaja hapa. Kote nilipokelewa kwa heshima, nikakaribishwa kiti, nikaambiwa suala langu linafanyiwa kazi. Kazi yenyewe sijaiona. Swali nililokuwa nikilibeba ni moja tu: ushuru unaotozwa korosho zetu kila msimu, ambao tuliambiwa utajenga viwanda, umejenga nini?

Kabla ya malalamiko, nitoe haki panapostahili. Msimu wa 2024/25 nchi yetu ilivuna zaidi ya tani 500,000, kiasi ambacho wazee wetu hawakukiona. Mnada wa kwanza wa Oktoba 2024 ulifunguka kwa bei iliyovuka shilingi 4,000 kwa kilo. Salfa ya ruzuku, dawa ya kupulizia mikorosho, imefika vijijini. Minada ya kielektroniki ya Soko la Bidhaa imepunguza masanduku ya zabuni na minong'ono yake. Sipingi lolote katika hayo.

Ninachosema ni kwamba tumejifunza kuuza vizuri kitu ambacho hakijamalizika, na tumeridhika. Magunia takriban tisa kati ya kumi yanaondoka nchini yakiwa ghafi kwenda Vietnam na India. Inahitajika kilo nne hadi tano za korosho ghafi kupata kilo moja ya korosho karanga, yaani kokwa iliyobanguliwa, kwa hiyo kwa uzito, sehemu kubwa ya shehena tunayoipakia Mtwara ni maganda. Tunalipia maganda nauli ya Bahari ya Hindi. Huko yanakofika, watu wanaajiriwa kupika kwa mvuke, kubangua, kukausha, kumenya ngozi na kupanga madaraja: hili la 320, yaani kokwa zipatazo 320 kwa ratili moja, lile la 240, na vipande peke yake. Hata mafuta ya maganda, yale yanayounguza vidole vya mama zetu wanaobangua kwa mkono majumbani, huko yanakamuliwa na kuuzwa kwa viwanda vya rangi na vya breki za magari. Ni sawa na kuuza mpunga shambani kisha kwenda kununua pilau mjini.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Viwanda vilikuwepo, na hakuna aliyetueleza vilikwenda wapi

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha tani 145,000. Serikali ikajenga viwanda 12 vya kubangua, vingine kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kuanzia Dar es Salaam na Kibaha hadi Lindi, Mtama, Nachingwea, Masasi, Newala, Mtwara na Tunduru. Kwa pamoja vilikuwa na uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Lakini mashine zikifungwa huku, shambani kulikuwa kunabomoka. Operesheni ya vijiji ilikuwa imewahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ukamaliza maua. Kufikia 1986/87 mavuno yalishuka hadi tani 16,500. Viwanda vya mkopo havikuwa na cha kubangua, na vingine havikuwahi kufunguliwa. Deni lilibaki palepale.

Kisha yakaja masharti ya wakopeshaji. Msimu wa 1991/92 biashara ya korosho ilifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, na baadaye viwanda vikauzwa. Sitasema uongo: kulegezwa huko kulimpa mkulima mnunuzi mwenye fedha mkononi, na pamoja na salfa, uzalishaji ukafufuka. Ila mnunuzi huyo alitaka ghafi. Baadhi ya viwanda vilivyouzwa vikageuzwa maghala. Leo kuna jengo lililojengwa kwa ajili ya kubangua ambalo mlinzi wake anakesha ili korosho isiyobanguliwa isiibiwe.

Aliyenunua kiwanda kwa ahadi ya kubangua akakifanya ghala, alichukuliwa hatua gani? Orodha ya viwanda hivyo, wamiliki wake, masharti ya mauzo na hali yake ya leo ni ukurasa mmoja wa karatasi. Nimeuomba. Sijaupata.

2. Ng'ambo ya Ruvuma walishapitia haya, nasi hatukujifunza

Ndugu zetu wa Msumbiji, tunaozika na kuoa pamoja nao, walikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa korosho duniani kabla ya vita. Katikati ya miaka ya tisini Benki ya Dunia iliweka sharti la kulegeza usafirishaji wa ghafi, na ushuru wa kuzitoa nchini ukateremshwa hadi asilimia 14. Hoja ilionekana ya huruma: viwanda vinamnyonya mkulima, wacha mkulima auze kwa Mhindi kwa bei ya dunia.

Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakarudi nyumbani. Na mkulima aliyesemewa? Wachumi waliochunguza baadaye walikokotoa kuwa kaya ya wastani inayolima korosho huenda haikuongeza zaidi ya dola 5.30 kwa mwaka. Faida iliyobaki iliishia kwa wasafirishaji, na kule India ambako viwanda vilipata ghafi kirahisi. Mwaka 1999 Bunge la Msumbiji likageuza mwendo na kuweka ushuru wa asilimia 18 hadi 22, viwanda vidogo vikaanza kuota tena kule Nampula.

Naileta habari hii kwa sababu kila tukiuliza kuhusu viwanda, kuna ofisa atakayetuambia kwa upole kwamba soko huria ndilo rafiki wa mkulima. Mtwara na Nampula si mbali. Gharama ya kwenda kuwauliza ni ndogo kuliko semina moja ya Dodoma.

3. Ushuru wa mauzo ya nje: nani anaulipa, na unakwenda wapi?

Hapa ndipo penye uchungu, nami nitakaa hapa kidogo.

Sheria yetu inatoza korosho ghafi inayosafirishwa asilimia 15 ya thamani yake bandarini, au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Kwenye makaratasi analipa msafirishaji. Shambani tunajua anayelipa. Mnunuzi anapokaa kupiga hesabu ya mnada, anaanza na bei atakayouza Ho Chi Minh City kule Vietnam au Thoothukudi kule India, anatoa nauli ya meli, anatoa bandari, anatoa ushuru, anatoa faida yake, na kinachobaki ndicho anachokiandika kwenye zabuni. Tuseme thamani bandarini ni dola 1,500 kwa tani. Asilimia 15 ni dola 225 kwa tani, na hizo zimetoka kwenye bei ya mkulima kabla hata hajaisikia. Zidisha kwa tani laki moja tu, achilia mbali laki tano, mpate dola milioni 22.5.

Sina ugomvi na ushuru wenyewe. Uliwekwa kwa sababu mbili zenye akili: kuifanya ghafi isikimbie, na kupata mfuko wa kuendeleza zao. Ndiyo maana sheria ilielekeza asilimia 65 irudi kwenye korosho, kwa utafiti, pembejeo, miche na ubanguaji, na asilimia 35 iende Hazina. Mkulima alikubali kukatwa kwa sababu alielewa anajenga kitu.

Juni 2018, kupitia Sheria ya Fedha, mgawanyo huo ulifutwa na fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walisimama wakapinga, wengine kwa sauti ambayo haikuwafurahisha wakubwa. Hawakufua dafu. Tangu hapo pembejeo za ruzuku zimerudi, na nimeshashukuru. Lakini ruzuku inayotolewa kwa hisani inaweza kuondolewa kwa hisani. Fedha iliyoandikwa kisheria kuwa ya zao ni jambo lingine.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Chama chetu cha msingi kikipoteza magunia, Takukuru wanafika kijijini na pingu. Halmashauri ikichukua ushuru wake wa mazao, madiwani wanahojiwa. Ushuru huu mkubwa kuliko yote hauna taarifa ya msimu inayobandikwa popote mkulima anapoweza kuisoma: tani kadhaa zilitoka, dola kadhaa zilikusanywa, kadhaa zilirudi kwenye salfa, kadhaa kwenye viwanda. Mjengeko wa bei tunasomewa hadi senti ya gunia na kamba. Hili hatusomewi.

4. Wenzetu wanatumia kanuni, sisi tunatumia matamko

Tunaambiwa biashara ya dunia ni huria na mwenye ufanisi ndiye anayeshinda. Hebu tuwatazame walioshinda.

India, mwaka 2018, iliteremsha ushuru wa jumla wa kuingiza korosho ghafi kutoka asilimia 5 hadi 2.5. Mwaka uliofuata ikapandisha ule wa korosho zilizobanguliwa kutoka asilimia 45 hadi 70. Yaani mlango wa ghafi umeachwa wazi, mlango wa korosho karanga umewekewa kufuli. Serikali inayolinda ajira za Kollam, mji wao wa kubangua korosho, haikuomba radhi kwa yeyote.

Vietnam ilianza kubangua kwa wingi nyuma yetu. Sisi tulikuwa na viwanda 12 wakati wao bado wanauguza majeraha ya vita. Kuanzia 2006 wao ndio wasafirishaji wakubwa kuliko wote wa korosho zilizobanguliwa, na sehemu kubwa ya ghafi yao inatoka Afrika na Kambodia. Waliwezaje? Mafundi wao walitengeneza mashine zao wenyewe za kubangua, za bei nafuu, zinazorekebishika mtaani. Na wabanguaji wao wakakopesheka kwa riba ambayo kwetu ni ndoto.

Kodivaa, yaani Ivory Coast, ambayo sasa inavuna zaidi ya tani milioni moja na ndiyo ya kwanza duniani, imekuwa ikimlipa mbanguaji ruzuku ya faranga 400 kwa kila kilo ya korosho aliyoibangua na kuisafirisha. Mwaka 2024 ilisitisha kwa muda kutoa ghafi nje hadi viwanda vya ndani vipate shehena yao. Miaka kumi iliyopita nao walikuwa wauza ghafi kama sisi.

Sasa sisi. Kila awamu imetangaza kwamba siku inakuja ambapo korosho zote zitabanguliwa nchini. Tarehe zinatajwa, zinapita, zinatajwa nyingine. Miongozo imewahi kuwapa wabanguaji wa ndani nafasi ya kununua kabla ya mnada wa wazi, na ni jambo jema. Lakini nafasi bila mtaji ni maneno matupu. Korosho huvunwa kwa miezi michache, kuanzia Oktoba. Anayetaka kubangua mwaka mzima lazima anunue ghafi ya mwaka mzima ndani ya miezi hiyo, aihifadhi, na airudishe fedha taratibu. Kwa riba ya benki inayozunguka asilimia 15, ghala lililojaa korosho linamla mwenye nalo akiwa usingizini. Msidhani nadai kuwa kubangua kuna utajiri wa bure. Faida yake ni nyembamba, na ndiyo sababu riba ndiyo inayoua kiwanda kabla ya mshindani wa nje hajakigusa.

Mfano mmoja wa karibuni. Aprili 2025 Rais wa Marekani alitangaza ushuru mpya kwa bidhaa za nchi karibu zote. Vietnam ilitangaziwa asilimia 46, Tanzania asilimia 10. Viwango vilibadilishwa baadaye, na si kazi yangu kueleza siasa za Washington. Ila kwa majuma kadhaa dunia ilikuwa inamtafuta mtu wa kuuza korosho zilizobanguliwa asiyetoka Vietnam. Sisi tulikuwa na ghafi, na msimu ulishapita. Bahati kama hizo hazipangwi, lakini mtu hujiandaa kuzipokea.

5. Mwaka 2018 haujafungwa

Oktoba 2018 wanunuzi walikuja mnadani na bei zilizotofautiana mno na za msimu uliotangulia, ambazo zilikuwa zimefika zaidi ya 4,000. Bei ya dunia ilikuwa imeporomoka. Wakulima tulikataa. Novemba Rais Magufuli aliwaondoa mawaziri wawili, wa Kilimo na wa Viwanda, akatangaza Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litaisomba. Nilishangilia na wengine. Malori ya JWTZ yalipopita barabara ya Newala, watoto walikimbia nayo.

Kilichofuata mnakijua. Uhakiki ukachukua miezi. Wapo waliolipwa mapema, wapo waliozungushwa. Waliouza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi, ili wapate ada za shule waliambiwa ni wahalifu, wakati aliyewasukuma huko alikuwa ucheleweshaji wa malipo. Januari 2019 ulisainiwa mkataba na kampuni moja ya Kenya wa kununua tani 100,000, na kufikia Mei ulikuwa umevunjwa bila fedha kuonekana. Korosho ilibaki maghalani ikipoteza ubora.

Sikumbushi haya ili kumlaumu marehemu. Nakumbusha kwa sababu siku ile tuligundua kitu: Serikali yenye jeshi, Hazina na nia inaweza kukusanya korosho yote ya nchi, na bado isiweze kuiuza kwa bei inayoitaka, kwa kuwa njia pekee ya kuimaliza ilikuwa kumrudia mnunuzi yuleyule wa ghafi. Tungekuwa na uwezo wa kubangua hata nusu yake, korosho karanga iliyofungwa vizuri isiyopitisha hewa ingeweza kusubiri soko. Ghafi kwenye gunia, masika yakija, haisubiri. Taarifa kamili ya operesheni ile, iliyogharimu nini na kupata nini, imewekwa wapi wakulima waisome?

6. Umeme

Hili ni fupi. Gesi inatoka Mnazi Bay, Mtwara, na tangu 2015 bomba linaipeleka Dar es Salaam. Mikoa ya Mtwara na Lindi imekuwa gizani mara nyingi kuliko inavyostahili mkoa wenye gesi yake. Mashine ya kubangua ikizimika katikati ya kupika, mzigo unaharibika. Kongani ya viwanda ya Maranje ni hatua nzuri, nami nimefurahi kuiona ikianza. Itakuwa nzuri zaidi taa zikiwaka.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyajibu mapema kuokoa muda wa wote.

Mtasema Shirika la Biashara Duniani haliruhusu. Kanuni zake zinabana kupiga marufuku usafirishaji, lakini kutoza ushuru wa mauzo ya nje hazikatazi, na ndiyo maana wa kwetu upo. Isitoshe, mwaka 2016 Tanzania ilikataa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, na moja ya hofu ilikuwa masharti yanayobana ushuru wa aina hii. Tulilinda haki hiyo mbele ya Wazungu. Tuitumie basi.

Mtasema mkulima anataka bei, hana haja na kiwanda. Ni kweli anataka bei. Lakini bei yenye mnunuzi wa aina moja si bei, ni taarifa unayopewa. Siku wanunuzi wa ghafi wakikubaliana kimyakimya, kama tulivyoshuku mwaka 2018, mkulima anahitaji mlango wa pili wa kubisha.

Mtasema wengine walipiga marufuku ghafi wakashindwa, mkitoa mfano wa Kenya. Nakubali, na mfano huo naupenda. Kenya ilizuia kusafirisha korosho ghafi mwaka 2009. Kilifi na Kwale hazijarudi kwenye enzi zao, kwa sababu marufuku iliwaacha wakulima mikononi mwa wabanguaji wachache wasio na mpinzani, wakang'oa mikorosho au kuiacha izeeke. Ndiyo sababu siombi marufuku. Anayeomba marufuku leo, kabla viwanda havijasimama, anamwombea mkulima njaa.

Mtasema wawekezaji hawaji. Mwekezaji haji mahali ambapo mwongozo wa mauzo hutoka upya kila msimu, na anayekuja anataka kujua kanuni ya mwaka wa tano kabla hajafunga mashine ya mwaka wa kwanza. Na kwa nini tusubiri wa kutoka nje peke yao? Vyama vikuu vyetu, TANECU, MAMCU, RUNALI, vina wanachama na vina maghala. Vinakosa mtaji wa riba nafuu na usimamizi unaokaguliwa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Waziri wa Fedha, chapisha mapato na matumizi ya ushuru wa korosho ghafi, msimu kwa msimu kuanzia 2017/18, kwa Kiswahili, yabandikwe kwenye kila ofisi ya chama cha msingi. Kisha upeleke bungeni marekebisho yatakayorudisha kisheria sehemu isiyopungua ile asilimia 65 kwenye zao, na ndani yake itengwe fungu la ubanguaji peke yake: dhamana ya mikopo ya kununulia ghafi, pamoja na ruzuku kwa kilo iliyobanguliwa na kuuzwa, kama wanavyofanya Kodivaa. Alipwe aliyebangua, baada ya kubangua. Tumechoka kulipia mawe ya msingi.

Waziri wa Kilimo, toa mwongozo wa mauzo wa miaka mitano badala ya wa msimu mmoja. Ndani yake tani za wabanguaji wa ndani zipangwe kwa bei isiyo chini ya wastani wa mnada wa juma hilo, ili tusije tukamgeuza mkulima kuwa mfadhili wa kiwanda. Ongeza tani hizo kidogo kidogo kadiri uwezo unavyothibitika. Na anayechukua ghafi kwa jina la kubangua kisha akaisafirisha ilivyo, afutiwe leseni na jina lake litangazwe.

Waziri wa Viwanda na Biashara, ile orodha ya viwanda vilivyobinafsishwa, itoe. Vilivyokiuka masharti virudishwe na vikabidhiwe kwa vyama vikuu au kwa mbanguaji aliye tayari, kwa mkataba unaosomeka. Wapelekeni mafundi wa VETA na SIDO Vietnam, wakakae karakana kwa karakana wajifunze kutengeneza mashine zile, maana mashine inayosubiri kipuri kutoka nje ni chuma tu. Tena muwakalishe meza moja Msumbiji, Kodivaa, Nigeria, Ghana na Guinea-Bissau. Sehemu kubwa ya korosho ghafi ya dunia inatoka bara hili, na kila nchi inakwenda kumwona mnunuzi peke yake, kwa msimu wake, bila kujua jirani amepewa bei gani. Abidjan tayari kuna baraza la kimataifa la korosho. Tukaseme humo kwa sauti inayolingana na tani zetu.

Naomba majibu yatolewe kabla ya mwongozo wa msimu ujao kuchapishwa. Ukishachapishwa, tutaambiwa tusubiri mwaka mwingine. Kama kuna takwimu niliyoikosea, nirekebishwe kwa kuonyeshwa daftari. Nakala ya barua hii naipeleka kwa wabunge wa mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma, na nyingine nitaisoma kwenye mkutano mkuu wa chama chetu cha msingi, ambako ofisa yeyote wa wizara zenu tatu anakaribishwa kuja kujibu ana kwa ana.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara.